Plateleti 68, vitamini D 14: nani kamshusha mwenzie?

*Maswali ya wasomaji, safu ya afya*

Swali la kwanza, kutoka Makorora, Tanga

Shikamoo dokta. Mie fundi cherehani, nna miaka 36, nashona madera na sare za shule, kibanda changu kiko Ngamiani huko barabara za katikati. Naingia saa mbili asubuhi natoka magharibi na nikitoka nimejifunika, nikabu mpaka soksi. Sasa Jumatatu ya wiki iliyopita homa ikanishika ghafla, kichwa kinauma kwa nyuma ya macho, mgongo, magoti, yani hata kukanyaga cherehani siwezi. Nkapima malaria hamna. Jumatano nkapima tena malaria hamna, wakapima dengue ikasoma pozitivu. Ijumaa homa ikashuka yenyewe nkasema alhamdulillah nshapona, kumbe mwili ndo unazidi kulegea. Nkaenda maabara moja wakanishauri nichukue vipimo vya mwili mzima, karatasi ikatoka plateleti 68 na mshale unatazama chini, vitamini D 14 na mshale wake nao unatazama chini. Kijana wa pale akaniambia dada unaona, vitamini D ndo imeshusha plateleti, ukiipandisha hii na hizo zinapanda. Akaniuzia vidonge vya vitamini D vya yuniti 50,000 nimeze kimoja kila siku. Jirani nae kaniletea maji ya majani ya mpapai, machungu yale wallahi sina hamu. Jumamosi plateleti 61, nililia. Jumatatu 97. Alhamisi 158! Kwa hiyo mie nimeamini dawa imefanya kazi. Leo nimemeza siku ya 9, chupa imebaki kidonge kimoja, ninunue nyingine? Na mdogo wangu kaanza homa juzi nae, nimpe hizi? Na watoto niwape wasipate? Halafu dokta nieleze ukweli, sahani 68 ndo nilikuwa naondoka?

Jibu

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Kuhusu mdogo wako tumeshaongea kwenye simu sikusubiri gazeti litoke, maana mambo mengine hayangoji. Haya mengine umeniruhusu niyaandike na wenzio wasome, kwa sababu barua kama yako sio ya kwanza, tangu dengue ile ya 2019 iliyopiga Dar na hapa kwetu Tanga watu wamejifunza neno plateleti na halijatoka mdomoni.

Nianze na sahani zako, yani hizo plateleti, chembe za damu zinazosaidia damu kuganda. Mwili ungebaki na sahani 68 tu usingeweza kuniandikia barua. Ile 68 ni elfu 68 kwenye mikrolita moja ya damu, na mikrolita ni katone kadogo mno, tone moja tu la kwenye sindano lina mikrolita kama 50 hivi. Kawaida mtu anakuwa na elfu 150 mpaka elfu 450. Kwa hiyo ndio zilikuwa chini, tena zimeshuka haswa, lakini mtu mwenye 68 asiyetoka damu kwa kawaida hatumfanyi kitu kwa ajili ya hiyo namba peke yake. Kwenye dengue wapo wanaoshuka mpaka elfu 20 na chini ya hapo na wanapanda wenyewe. Kuna utafiti ulifanyika Singapore na Malaysia ukachapishwa 2017, wagonjwa wazima 372 wa dengue ambao plateleti zao ziko elfu 20 au pungufu na hawatoki damu kwa nguvu, nusu wakaongezewa plateleti na nusu wakaangaliwa tu. Kuongezewa hakukuzuia kutoka damu, na wale walioongezewa ndo waliopata madhara zaidi, mzio na mengineyo. Sasa kama kutiwa plateleti zenyewe kwenye mshipa hakujasaidia, hebu fikiria kidonge.

Kwanini zinashuka? Plateleti zinatengenezwa kwenye uboho, ndani ya mfupa, zinaishi kama siku 7 mpaka 10 tu halafu zinakufa, kwa hiyo kiwanda kinatakiwa kifanye kazi kila siku. Kirusi cha dengue kinafanya mambo mawili kwa mpigo: kinakiduwaza kiwanda, na huku mtaani kinga ya mwili inazigandia zile zilizopo na kuziharibu, bandama nayo inazikamata. Zinatoka nyingi zinaingia chache. Kirusi kikishaondoka kwenye damu, kiwanda kinaamka na kutoa kwa fujo, na hizo mpya huwa kubwa kubwa, ndo maana kile kimstari cha MPV, yani ukubwa wa plateleti, kwenye karatasi yako kinaweza kupanda kabla hata namba yenyewe haijatulia.

Sasa hesabu siku zako. Homa Jumatatu, hiyo siku ya 1. Ijumaa siku ya 5, zimeshuka. Jumamosi siku ya 6, chini kabisa. Jumatatu siku ya 8 zinapanda, Alhamisi ya 11 zimefika. Dada, hiyo ndo ratiba ya dengue yenyewe! Ningeweza kukuandikia hizo tarehe kabla hujaanza kumeza chochote. Jogoo liwike lisiwike kutakucha, na jogoo wako alikuwa wa 50,000. Na mpapai nao unadai umewika yeye. Ni kweli kuna tafiti ndogo ndogo za majani ya mpapai zimeonyesha plateleti zinapanda haraka kidogo, ila hazijaonyesha kwamba watu wanaponyoka na kifo au kutoka damu kwa sababu hiyo, na mtu anayetapika ukimnywesha kitu kichungu vile anatapika zaidi, ambapo maji mwilini ndo yalikuwa dawa yake.

Tuje kwenye ile 14. Sitaki uone kama naidharau vitamini D, sio kitu cha kupuuza na wewe inawezekana kabisa unayo kidogo kweli. Mizani ni hii: wengi tunasema chini ya 20 kwa kipimo cha nanogramu ni upungufu, chini ya 12 ni upungufu mkali. Vitamini hii kwa sehemu kubwa hatuili, tunaitengeneza kwenye ngozi kwa mwale fulani wa jua, halafu ini linaichakata, figo linaimalizia. Ngozi nyeusi inataka muda mrefu zaidi kuliko nyeupe. Na mtu kama wewe unayeingia kibandani saa mbili ukatoka magharibi umejifunika, jua la Tanga liwe kali vipi linakupitia pembeni. Ndo maana hata nchi za Uarabuni kwenye jua la kuchoma upungufu umejaa. Upande wa pili kuna utafiti wa 2012 ulipima Wamasai na Wahadzabe humuhumu Tanzania, watu wa kushinda nje, wastani wao ukawa kama 46 kwa kipimo hicho hicho chako. Tofauti yao na wewe ni paa la kibanda.

Lakini hili ndo nataka ulishike, na yule kijana wa maabara nae kama anasoma: ukipima vitamini D mtu akiwa na homa kali, namba inashuka kwa sababu ya homa. Uvimbe wa ndani unaoletwa na kirusi unashusha kile kiwango kinachozunguka kwenye damu, hata kama akiba yako haijabadilika sana. Yani dengue ilishusha plateleti, na dengue hiyo hiyo ikaongeza kuishusha vitamini D, halafu mtu akatazama mishale miwili inaangalia chini akasema huyu kamsukuma huyu. Ni kama uwakute watu wawili wamelowa barazani useme mmoja kamlowesha mwenzie, wakati mvua imewapiga wote njiani.

Je hakuna uhusiano kabisa? Upo, ila sio huo uliouziwa. Seli za kinga zina sehemu za kuipokea vitamini D, na hata plateleti na zile seli mama za kwenye uboho zimekutwa na sehemu hizo, kwa hiyo sio ujinga watu kulichunguza. Tafiti kadhaa zimekuta wenye vitamini D kidogo plateleti zao huwa kubwa na zenye hasira zaidi. Kwa wagonjwa wa dengue majibu yanagongana, wengine wamekuta wanaozidiwa wana vitamini D kidogo, wengine wamekuta kinyume chake. Na kwenye Korona ambako pia plateleti zilikuwa zinayumba, Brazil walijaribu kwa vitendo: wagonjwa 240 waliolazwa, nusu wakapewa dozi moja ya 200,000 kwa mkupuo, nusu wakapewa dawa ya uongo, matokeo yakachapishwa 2021. Vitamini D kwenye damu ilipanda vizuri tu. Siku za kulala hospitali hazikupungua. Kuonekana pamoja ni kitu kimoja na kutibu ni kitu kingine.

Kwa hiyo vidonge: simama hapo ulipo. Hicho kimoja kilichobaki kiache na chupa nyingine usinunue. Vidonge vya 50,000 kwa kawaida anaandikiwa mwenye upungufu ameze kimoja KWA WIKI, wiki kama 8, sio kimoja kwa siku. Wewe siku 9 umemeza 450,000, na mtu mzima anayejimezea mwenyewe bila daktari tunamwambia asizidi 4,000 kwa siku. Sikutishi, siku 9 kwa mtu mwenye figo nzima mara nyingi haimfanyi kitu, ila vitamini D sio kama vitamini C kwamba ikizidi unaikojoa, hii inajificha kwenye mafuta ya mwili na inakaa wiki na miezi. Ikizidi sana inapandisha kalisi (kalsiamu) kwenye damu: kiu isiyoisha, kukojoa kila saa, kichefuchefu, choo kigumu, akili kuchanganyikiwa, na mawe kwenye figo. Ukiona hata moja ya hayo nenda. Hata usipoona, nenda kapime kalisi na krietinini, kipimo cha figo, mara moja tujiridhishe. Watoto usiwape, hata nusu, vidonge hivyo sio vya kinga ya dengue na mtoto anazidiwa haraka.

Baada ya miezi kama mitatu ukiwa mzima, ndo tupime hiyo vitamini D tena. Hapo tutapata ukweli wake. Katikati hapo tumia kitu ambacho fundi wa Makorora anacho bure: uani. Nyumba zetu zina ua wa ndani wenye ukuta, hakuna anayekuchungulia. Kaa na kanga yako mikono na miguu wazi, nusu saa hivi, mara tatu nne kwa wiki, unachambua mchele au unatia vifungo. Sio jua la saa moja asubuhi ambalo kila mtu analisifia, lile lina mwale mdogo sana wa hiyo kazi. Tazama kivuli chako, kikiwa kirefu kukuzidi jua bado, kikiwa kifupi kuliko wewe hapo linafanya kazi. Na vibua usivikimbie, jodari pia, dagaa, kiini cha yai. Mchicha ni mzuri kwa mambo mengine ila hii hauna.

Sasa yale niliyomwambia mdogo wako, maana ndo yalikuwa ya haraka. Homa yake isipimwe dengue peke yake, malaria kwanza, hapa kwetu malaria nayo inashusha plateleti na inaua haraka. Parasetamo tu kwa homa na maumivu. Diklofenaki hapana, ibuprofeni hapana, aspirini hapana, hizo zinaharibu kazi ya plateleti chache alizonazo na kuchubua tumbo, na najua mtaani diklo ndo panadoli ya pili. Maji ya madafu, uji, maji ya chumvi na sukari, mkojo uwe unatoka. Na homa ikishuka ASISHANGILIE. Wewe mwenyewe umeandika, Ijumaa homa imeshuka ukazidi kulegea. Saa 24 mpaka 48 za baada ya homa kushuka ndo mlango wa hatari, mishipa inavuja maji ya damu kwenda tumboni na kifuani. Tumbo kuuma mfululizo, kutapika kusikokoma, fizi au pua kutoa damu, choo cheusi, hedhi kuja kwa wingi isivyo kawaida, mikono ya baridi, kusinzia ovyo au kuhangaika: hapo ni hospitali muda huo huo, usiku usiku.

Na kwenye ile karatasi ya FBP, yani picha nzima ya damu, watu wote wanakimbilia plateleti wanaacha mstari wa HCT, unaoonyesha damu imekuwa nzito kiasi gani, uko juu yake palepale. Huo ndo unaotueleza kama maji yanavuja, HCT ikipanda huku plateleti zinashuka daktari anakaa sawa. Mimi nikiletewa karatasi kidole changu kinaanzia hapo.

Jambo moja dogo halafu nakuacha ukashone. Kuna wakati plateleti zinasoma chache na wala hazijapungua. Kile kichupa chenye kifuniko cha zambarau kina dawa ya kuzuia damu isigande, na kwa watu wachache dawa ile inafanya plateleti zishikane makundi, mashine inaona fungu moja badala ya ishirini. Kwa hiyo mtu mzima wa afya, hana homa hana chochote, akipata 40 ghafla, aombe damu iangaliwe kwa darubini au irudiwe kwenye kichupa cha kifuniko cha bluu kabla ya kuanza kuita ndugu. Kwako haikuwa hivyo, zako zilishuka kweli zikapanda kweli. Ila kama wiki mbili tatu zijazo zikishuka tena chini ya 150 bila homa usiseme ni dengue ya zamani, tutatafuta mengine, homa ya ini, VVU, dawa unazotumia.

Swali la pili, mvuvi, Deep Sea, Tanga

Dokta mambo. Mi nashinda baharini jua lote langu, mgongo umekuwa kama mkaa. Kwa hiyo vitamini D nnayo ya kutosha na dengue hainipati, au sio? Jamaa wamebishana hapa.

Jibu

Poa kaka. Vitamini D kuwa nayo ya kutosha nakubaliana na wewe, tena ngozi ikishatosheka yenyewe inaacha kutengeneza, hivyo jua halikuzidishii. Dengue kutokukupata, hapana, hapo waliobisha wameshinda. Mbu haulizi vitamini. Na huyu sio yule wa malaria wa usiku, huyu ana madoadoa meupe miguuni na anauma mchana, asubuhi na jioni hasa, wakati umekaa unashona nyavu. Anataga kwenye maji masafi yaliyosimama, na hapo mnapopaki mitumbwi tazama vizuri: matairi, ndoo zilizopasuka, vifuu, ngalawa iliyopinduliwa vibaya ikakinga mvua. Kifuu kimoja tu kinatosha. Mwageni maji, vipindueni, kila wiki, maana yai mpaka mbu ni wiki moja hivi.

Aina za kirusi cha dengue ziko nne, ukiugua moja unakuwa na kinga nayo, lakini zile tatu bado zinakungoja na ya pili mara nyingi ndo inakuwa kali. Kwa hiyo hata yule anayejisifu kwamba alishaugua 2019 asijisifu sana.

Na kama mwenzenu ana homa na viungo vimemkaza mpaka anatembea kama babu, hiyo inaweza kuwa chikungunya, mbu ni yule yule. Jina hilo ni letu, ni Kimakonde, kitu kama kujikunja, ugonjwa ulitambuliwa kwa mara ya kwanza huko kusini kwetu 1952. Hiyo plateleti haizishushi kama dengue, ila magoti yanaweza kusumbua miezi. Kabla hamjajua ni ipi kati ya mbili, diklo msiguse.

Swali la tatu, mama wa miezi miwili, Pangani

Shkamoo dokta, mwanangu nampa ziwa tu, bibi yake anamuweka dirishani jua la asubuhi lipite kwenye kioo ili miguu isije ikapinda matege. Inasaidia?

Jibu

Marahaba mama, hongera. Kioo kinazuia ule mwale, mtoto anapata joto tu na mwanga. Maziwa ya mama ni mazuri kwa kila kitu ila vitamini D ni kidogo, ndo maana nchi nyingi mtoto wa kunyonya anapewa matone ya yuniti 400 kwa siku. Kwa hiyo uliza kliniki siku ya kupima uzito, wakikupa matone soma maandishi ya chupa vizuri kwa sababu ya duka hili tone moja ndo dozi na ya duka lile ni mililita nzima, watu wanakosea hapo. Bibi usimkatalie, mwambie amtoe barazani dakika chache mguu na mkono wazi, jua lisiwe la mchana mkali, na amfunike chandarua mchana pia akilala.